Nafanyia kazi nyumbani Lubumbashi: nivae nini?

Mama mmoja wa Bel-Air, mtaa wa hapa mjini, ameniandikia mimi fundi wa nguo hivi:

«Jambo yako, yaya. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya malori. Ofisi yetu ya mjini ilifungwa, sasa nafanyia kazi sebuleni. Mara tatu kwa juma naonekana kwenye video na wakubwa walio Kinshasa. Mara mbili kwa mwezi nakwenda kuonana na wateja, na wakati mwingine naitwa ghafla siku hiyohiyo. Kabatini nina suti 11 za wakati wa ofisi, nyingi zinanibana. Nyumbani nashinda na kikwembe (kitenge) na fulana. Kikao kikianza natupia koti juu. Juzi mteja alipita kuchukua karatasi, nikajificha chumbani nikamtuma mtoto. Nimeweka kando dola 150. Nianze kununua nini?»

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale ulipojificha chumbani. Tatizo liko hapo, haliko kwenye dola 150. Una nguo za kwendea ofisi ambayo haipo tena, na una nguo za kupikia. Katikati hakuna kitu, na maisha yako ya sasa karibu yote yako katikati.

Nashona nguo mji huu zaidi ya miaka ishirini. Miaka ya karibuni wanaokuja na swali kama lako wamekuwa wengi: wafasiri, wahasibu, watu wanaoandikia mashirika ripoti wakiwa nyumbani. Karibu wote huniomba blauzi nzuri ya kuonekana kwenye kamera, na mimi huwaambia tusianzie hapo. Nguo ya kazi ya nyumbani ni ile unayoweza kutoka nayo nje ya lupango (uani kwako) sasa hivi, bila kubadili kitu ila viatu. Umeme ukikatika saa nne na betri iko karibu kuisha, utabeba kompyuta ukimbilie kwa jirani mwenye jenereta au mjini penye intaneti. Hapo huna nafasi ya kutafuta sketi. Mgeni naye hatangulizi simu. Kwetu mtu hupiga hodi, na kumwacha nje ni aibu yako, si yake. Koti la suti juu ya kikwembe cha kushindia halikufai kwa lolote kati ya hayo.

Wewe ni mhasibu, basi tupige hesabu. Mwezi una siku za kazi kama 22. Mbili unakwenda kwa wateja. Tuongeze mbili za kuitwa ghafla. Zinabaki 18 unazoshinda mezani, na kati ya hizo kama 12 unaonekana kwenye video. Suti 11 zinangoja siku nne, na siku 18 hazina nguo. Kwa hiyo majuma mawili yanayokuja usinunue hata kitambaa cha kichwa. Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, na kila jioni uandike ulivaa nini, ulibadili mara ngapi na kwa sababu gani. Mteja wangu mmoja wa Katuba alipofanya hivyo aligundua kwamba alikuwa anabadili nguo mara tatu kwa siku kwa ajili ya jiko tu: mafuta ya sombe, majivu ya mbabula (jiko la makaa), moshi wa makaa. Nilimshonea aproni mbili ndefu zenye mikono, za kufungia nyuma, na nguo zake za zamani zikatosha. Wewe pia una watoto na jiko. Usishangae kama karatasi yako itasema hivyohivyo.

Sasa mwili. Suti zako zilikatwa kwa mtu anayesimama na kutembea. Nyumbani unakaa tangu saa mbili asubuhi, tena mara nyingi kwenye kiti cha kulia chakula, na mtu akikaa kiuno na nyonga hupanuka. Kwa akina mama ninaowapima mimi, tofauti ya kiuno kati ya kusimama na kukaa mara nyingi ni sentimita 3 hadi 5. Unaijaribu sketi mbele ya kioo, inaingia. Unakaa nayo saa mbili, inakukata. Kwa hiyo usijihukumu kwamba umenenepa kabla hujapimwa umekaa. Na fundi wako, awe mimi au mwingine, umwombe akupime hivyo.

Kwa suruali kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wenye haraka hukiruka. Unakaa kwenye kiti kigumu, mgongo umenyooka, na fundi anapima ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye ubao wa kiti. Hicho ndicho kina cha kikao. Kikiwa kifupi, suruali inakubana mapajani na kushuka nyuma kila unapoinama. Kikizidi, kitambaa kinajikusanya tumboni. Mkanda wa kiuno uwe bapa mbele, na lastiki iwekwe nyuma tu, toka mshono wa ubavu mmoja hadi wa pili. Mtu akikutazama anaona suruali ya ofisi, na wewe ukikaa inakufuata. Lastiki iwe pana, sentimita 3 au 4, kwa sababu nyembamba hujikunja ndani ya mkanda na kuacha alama kwenye ngozi. Kwa suruali mbili za namna hiyo, moja ya kijivu na moja ya kahawia, tayari umevalia sehemu kubwa ya mwezi.

Sketi nyembamba za suti sizitaki kwako. Nina jaribio moja: unaweza kupanda moto (pikipiki) nayo bila kuivuta hadi mapajani? Kama huwezi, basi siku ya kuitwa ghafla haitakusaidia, maana siku hiyo hutasubiri basi. Sketi ya vipande sita, inayofunguka polepole kutoka nyonga na kuishia chini ya goti, inapanda moto, inakaa kwenye kiti, na inaingia kanisani. Kitambaa cha kikwembe hakivutiki, kwa hiyo nafasi ya kukaa lazima itoke kwenye mkato wenyewe.

Na mabega: anayechapa ananyoosha mikono mbele siku nzima. Blauzi iliyobana mgongoni itaachia kwenye mshono wa nyuma wa mkono kabla ya mwaka kwisha. Omba mkunjo mmoja mgongoni, chini ya kola. Ni kitambaa kidogo sana, lakini utausikia kila jioni.

Zile suti 11 usizigawe bado. Zitoe zote, ugeuze kila moja nje-ndani chini ya mwanga, uangalie akiba ya kitambaa kwenye mishono. Nguo za kiwandani mara nyingi zina akiba ya sentimita moja hivi, hazipanuki. Zilizoshonwa na fundi wa hapa huwa na mbili au zaidi, na hizo zinaweza kuokolewa. Mabega ndiyo magumu kuliko yote. Mtu anaweza kukupunguzia mikono, kiuno na urefu, lakini kulitengeneza bega ni kulifumua koti karibu lote. Koti ambalo bega lake linakukaa sawasawa libakize, hata kama mengine yote yana kasoro. Nadhani utabaki na makoti matatu.

Kati ya hayo, chagua lenye pedi nyembamba za mabega na kitambaa kisicho kigumu. Hilo tutalivua bitana. Bitana ya poliesta ndiyo inayokufanya utoke jasho mwezi wa kumi, koti lenyewe halina kosa. Likishavuliwa, mishono ya ndani inabaki wazi na itachanuka, kwa hiyo kila mshono unafunikwa kwa ukanda wa kikwembe uliokatwa mshazari. Kazi ni ya nusu siku kwa fundi mwenye mkono mzuri. Unapata koti jepesi linalovaliwa ndani ya nyumba kama sweta na linalotoka nje kama koti, na ukikunja mikono ule ukanda wa rangi unaonekana. Pedi zikitolewa, bega hulegea kidogo. Fundi alichukue kidogo kwenye mshono wa juu. Pedi zikiwa nene, usijaribu, bega litaanguka.

Hili la koti lisilo na mifupa nimelirithi. Baba yangu alikuwa fundi katika mtaa wa Kamalondo, na miaka ya abakosi, kati ya 1972 na 1990, Rais Mobutu alipoiondoa suti na tai, alishona mamia. Jina lenyewe ni Kifaransa, kumaanisha suti ishuke chini. Siasa yake nawaachia wanaoijua. Naongea kuhusu mkato. Baba alisema abakosi nzuri ni ile mtu anayoweza kuivaa ofisini asubuhi na matangani jioni bila mtu kuuliza. Alipendelea zile za kitambaa chepesi, zilizokatwa kama shati, zenye kola fupi inayokaa shingoni bila tai. Mume wako kama naye anafanyia kazi nyumbani, ashonewe kitu cha ukoo huo kwa pamba nzito, rangi ya kahawia au kijani kilichofifia. Kwenye kamera kola fupi inamkaa vizuri kuliko shati lililofungwa hadi juu, na mama mkwe akija hana haja ya kukimbilia chumbani.

Turudi kwenye kamera, maana hapo watu wengi wenye ngozi kama yetu hudanganywa. Wanaambiwa wavae shati jeupe ndiyo waonekane nadhifu. Kamera ya kompyuta hupima mwanga wa picha nzima na kujirekebisha yenyewe. Ikikutana na kifua cheupe kinachong'aa, inapunguza mwanga wote, na uso wako unazama gizani: shati linaonekana, wewe huonekani. Nyeusi tupu nayo inameza mabega, hasa nyuma yako kukiwa na kabati au mlango wa rangi nzito. Rangi zinazotupendeza pale ni za katikati zenye nguvu: bluu ya samawati iliyokolea, kijani, zambarau, rangi ya divai, haradali, rangi ya matofali. Kama una blauzi nyeupe uipendayo, ivae ndani ya koti au triko (sweta) ya rangi, ibaki kipande kidogo shingoni. Mistari myembamba na vidoadoa vilivyosongamana viepuke, kwa sababu kwenye skrini huchezacheza kama maji yanayotetemeka, na anayekusikiliza Kinshasa atachoka macho bila kujua sababu.

Kabla ya rangi zote hizo, geuza meza. Dirisha liwe mbele yako au ubavuni, lisiwe mgongoni. Kikao cha saa tatu ya Kinshasa kwetu ni saa nne, jua limeshapanda, na ukiligeuzia mgongo utaonekana kivuli kitupu, hata uvae nini. Bangili za shaba na za plastiki ngumu zivue kabla ya kikao. Kila ukigusa meza, kipaza sauti cha kompyuta kinazipiga kama kengele. Hereni ndogo na kola yenye umbo zinatosha. Kola ndiyo nguo yako kwenye video: kuanzia kifuani kushuka hawaoni kitu, kwa hiyo fedha ya urembo iweke shingoni. Kola ya kusimama, kola ya shati laini, shingo ya mraba iliyoshonwa vizuri, zote zinakufaa. Shingo ya fulana iliyovutika haikufai, hata chini ya koti la bei.

Kikwembe sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona umekitaja kama kitu cha kushindia tu. Kikwembe ndicho nguo yako ya kazi. Ukienda kwa mteja na sketi ya kikwembe iliyokatwa vizuri, blauzi ya rangi moja na koti la kijivu, hakuna atakayesema hukuvaa kwa heshima. Tulichozoea ni kuchukua yadi 6 zote na kushona mavazi ya kufanana juu na chini. Hayo ni ya harusi. Kwa kazi, yadi 6 zigawe mara tatu. Yadi 2 sketi. Yadi 2 blauzi, lakini usiivae na sketi hiyo. Ivae na suruali ya kahawia. Yadi 2 zinazobaki ndizo za kitambaa cha kichwa, mikanda ya mshazari ya lile koti, na pindo la ndani la kola. Ghafla nguo zako zote zinaongea pamoja, na kila moja inavaliwa na nyingine.

Unapochagua, shika kitambaa kwa mkono na ugeuze. Wax ya kweli huchapwa kwa nta na rangi huingia pande zote mbili, nyuma na mbele karibu sawa. Kitambaa cha kuigiza kimechapwa upande mmoja, nyuma kimepauka. Kwa sketi ya nyumbani cha kuigiza kinatosha, lakini kwa kola inayogeuka na mikono ya kukunja utaona upande wa nyuma kila siku, hapo ulipe kidogo zaidi. Huna haja ya wax ya Uholanzi, ile ya Vlisco, kampuni iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, ambayo mama zetu waliifungia sandukuni kama akiba ya fedha. Wewe unatafuta kitambaa cha kufuliwa kila juma. Ila jambo moja uwe makini nalo: kwenye michoro yake rangi ya suruali zako lazima iwepo. Kama suruali ni ya kahawia, kahawia ionekane mahali fulani ndani ya mchoro, hata kama ni mstari tu.

Na umwambie fundi aupange mchoro. Jua kubwa au ndege mkubwa asiwekwe kifuani, kwa sababu kamera inamkata kichwa na kubakiza bawa. Kifuani iwekwe sehemu tulivu ya kitambaa, michoro mikubwa ishuke kwenye sketi. Vikwembe vya 8 Machi, siku ya wanawake, vyenye maandishi usivivae kwa mteja. Vinakuwa bitana nzuri sana za mifuko, na mfuko wa kompyuta pia.

Lubumbashi ina hali zake za hewa, na hao wanaoandika ushauri wa nguo wakiwa Ufaransa hawazijui. Tuko juu, karibu mita 1,200. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi sakafu ya saruji inauma miguu. Mwezi wa tisa na wa kumi, jakaranda zikichanua, mchana unapita nyuzi 30. Kisha mvua, toka mwezi wa kumi na moja. Ukinunua nguo nene za baridi, utazivaa miezi miwili na kuzilisha nondo miezi kumi. Vaa kwa tabaka: fulana nyembamba ya pamba ndani, blauzi, triko iliyofunguka mbele, na lile koti lisilo na bitana juu ya yote. Mwezi wa saba unavaa zote nne. Mwezi wa kumi unabaki na blauzi tu. Triko moja nzuri ya sufu au ya pamba inazishinda tatu za akriliki, ambazo kwenye viwiko, pale unapoegemea meza, huota vinundu katika majuma machache.

Halafu vumbi jekundu. Wekundu wa udongo wetu ni chuma kilichoshika kutu, na hiyo inaeleza kwa nini javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) haisaidii: haiondoi kutu, tena yaweza kuikomaza doa likabaki rangi ya chungwa kwenye kitambaa cheupe. Kiangazi, nguo uliyotoka nayo ikung'ute ikiwa kavu, kwa brashi, nje, kabla maji hayajaigusa. Ukiilowesha na vumbi lake, umetengeneza matope na kuyasukuma ndani ya nyuzi. Doa lililobaki kwenye pamba nyeupe lipake maji ya ndimu na chumvi, lianike kidogo juani, suuza vizuri. Kwenye kikwembe jaribu kwanza pembeni, maana ndimu yaweza kupausha rangi. Ndiyo sababu nyingine ya kukushauri kahawia, kijivu cha kati na rangi ya udongo: nyeusi huonyesha vumbi, nyeupe huonyesha vumbi, hizi husamehe.

Kuhusu pasi sitaki uwe mzembe, hata kwa nguo ambayo kamera haiioni. Kuna yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au juu ya majani. Mayai yakianguliwa, funza wake huingia ngozini na kuota kama jipu. Joto la pasi linaua mayai hayo. Piga pasi ndani na nje, na zaidi kwenye mishono, kiunoni, kwenye makwapa, palepale kitambaa kinapogusa mwili. Kwa kuwa umeme hauna ahadi, panga siku moja ya juma kupiga pasi zote, au uwe na pasi ya makaa, ambayo mimi bado naitumia na inanyoosha pamba nzito vizuri kuliko ya umeme. Triko usiyoweza kuipiga pasi ianike ndani ya nyumba.

Kwa mitumba, soko la mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, litakupa makoti bora kuliko mengi mapya madukani, ukienda asubuhi balo linapofunguliwa. Jaribu bega kwanza. Bega likikataa, rudisha bila majadiliano. Halafu inua nguo juani uangalie makwapa, mkunjo wa kola na kikao cha suruali, hapo ndipo kitambaa hufa mapema. Ukitilia shaka aina ya kitambaa na muuzaji akikuruhusu, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, sufu inanuka nywele, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa mwezi wa kumi ninakutaka kwenye pamba.

Viatu nitapita haraka. Kimoja cha ndani, chenye soli, kisicho ndala, ili miguu isigande na usionekane umetoka kitandani. Kingine cha kufunika, bapa, kiwekwe mlangoni kikiwa kimeshang'arishwa, soli ya mpira kwa sababu ya matope ya mvua. Ukitumwa mpakani Kasumbalesa kuhesabu malori, hicho hicho kinakwenda. Vya kisigino ulivyonavyo vinatosha miaka mitatu.

Dola zako 150 basi. Theluthi moja iende kwa fundi: koti moja kuvuliwa bitana, mengine mawili kurekebishwa. Theluthi ya pili, kitambaa na ushonaji wa suruali mbili na sketi moja. Kati ya inayobaki, nunua kikwembe kimoja cha yadi 6, triko moja ya mitumba, na kiatu kama huna. Blauzi za rangi usinunue kabla ya kuchungua ndani ya zile suti. Nina hakika kuna mbili au tatu zilizofichwa humo ambazo hujawahi kuzivaa peke yake. Fedha ikibaki, ibaki. Mwezi wa tano, kabla ya baridi, utajua kinachopungua.

Suti zitakazobaki, zile zisizookoka, usizitunze kwa ajili ya siku ofisi itakaporudi. Wapo wasichana wanaomaliza masomo mwaka huu ambao wana mahojiano ya kazi na hawana koti. Wape zikiwa bado nzuri.

Ukija kwangu, njoo na ile karatasi ya majuma mawili, makoti matatu, na kikwembe unachokipenda. Na kabla ya kutoka nyumbani pima kiti chako cha kazi, toka sakafuni hadi pa kukalia, uniandikie namba. Nitatafuta kiti cha kimo hicho ndipo nikupime.